Pazia Nyuma ya Jicho

Saa nane za usiku, Krakovu, theluji imeganda kwenye vioo,
na Bogna Wilczek bado ameinamia hadubini,
koti jeupe kifungo kimoja, chai imepoa
mpaka imefanya utando.

Mbele yake kipande cha ubongo wa panya,
chembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
kinaogelea kwenye maji ya chumvi na sukari.
Kilikatwa adhuhuri kutoka thalamasi,
pale ambapo nuru hubisha hodi
kabla ya kukaribishwa ndani.
Jicho lenyewe halipo.
Limebaki kwenye ndoo ya taka, ghorofa ya chini,
wala halileti tena habari.

Sindano ya kioo imegusa seli moja.
Kwenye spika: tk.
Kimya.
Tk.
Bawabu anayeitikia usingizini.

Ndipo anafungua koki.
Oreksini: peptidi, kamba fupi
ya asidi amino thelathini na tatu,
kazi ya seli chache zilizojificha chini ya ubongo.
Zetu, zingekuwa watu, zingeenea
katika uwanja mmoja mkubwa wa mpira,
na hizo ndizo zinazouambia ubongo mzima:
kumekucha.

Dakika moja. Mbili. Peptidi haina haraka,
si mwenzake nuru.
Kisha tk tk, tk tk tk, tktktktk,
mvua ya mawe juu ya bati,
gizani, bila jicho, bila cha kuona.
Imeamka tu.
Imeamka, inangoja.

Kwetu husema macho hayana pazia.
Kweli, kwa mpita njia na dirisha la jirani.
Lakini pazia lipo, limetundikwa nyuma,
na jicho silo linaloshika kamba yake.

Bogna amelijua hilo kwa Zenon, kaka yake,
aliyeendesha tramu miaka kumi na mmoja
hadi asubuhi moja ya Februari alipopita vituo viwili
mkono kwenye wenzo, macho wazi kabisa.
Mama mwenye kabichi kapuni alipiga kioo kwa ngumi.
"Nilikuwa natazama," Zenon aliwaambia wakaguzi.
Hakudanganya. Taa nyekundu iliingia machoni,
ikafika mlangoni, ikabisha, ikabisha,
wenye nyumba hawakuamka.

Daktari alichota maji ya uti wa mgongo,
akapima oreksini: haikufika hata tone la kuandikia.
Sasa Zenon anachonga funguo karibu na stesheni
na anaogopa vichekesho.
Akicheka sana magoti humwishia.
Harusini kwa Bogna alianguka juu ya keki,
macho yanaona kila kitu, mwili umelala,
na watu wakazidi kucheka.

Seli ya nne, ndiyo, anaandika daftarini.
Ya tano haikujali.
Ya sita haikujali.
Profesa atauliza kwa nini mlango huu na si ule,
naye atamwonyesha karatasi tupu.

Anapitisha maji safi. Peptidi inaondoka
lakini seli inaendelea kupiga robo saa nzima,
kama mtu aliyeamshwa kupewa habari
na mleta habari ameshakwenda zake.

Saa kumi na moja tramu ya kwanza inakwaruza kona.
Bogna anazima taa, anapiga simu.
"Umelala?"
"Sijui. Niko dirishani."
"Theluji imekoma huko?"

Kimya.
Anasikia pumzi yake, na saa ya ukutani,
tk.

"Ngoja," anasema Zenon, "nitazame."